Barza, Kare na Kilio: namna watu wa Ituri walivyozoea kutua mzigo wa mawazo

Mtu wa Bunia akiwa na taabu hasemi kwamba ana stresi, ingawa vijana wetu wa masomo wameanza kulizoea neno hilo. Anasema: «Niko na mawazo mingi.» Ikizidi, atasema roho yake iko juu juu. Na ikikaa miezi bila kupungua, wamama watasema kwa sauti ya chini: «Angalia, ile mawazo itamuletea tansio.» Tunaona hapa kwamba wazazi wetu hawakungoja munganga awaeleze njia inayotoka kwenye kichwa na kufika kwenye mushipa wa damu. Walikuwa wakiijua.

Dawa nayo imo ndani ya luga. Anayefika kwetu akihema, mwenye lupango haulizi kitu. Anaita mtoto: «Leta kiti.» Kisha: «Yaya, ikala kwanza.» Hilo neno «kwanza» ndilo tunataka kulichunguza katika kurasa hizi. Wasomaji wengi wanafikiri kwamba kupunguza mbio na kutuliza moyo ni shauri la kila mtu na tabia yake, ao ni jambo la mahubiri ya siku ya Mungu. Sisi tunasema kwamba katika Ituri lilikuwa desturi kamili: lilikuwa na nafasi yake, saa yake, sheria zake, na watu waliolazimishwa kulitimiza. Na kwa kuwa ni desturi, liko na historia.

Tuanze na nafasi yenyewe. Neno barza lilitoka pwani. Kule Lamu na Unguja, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kandokando ya mlango, ambapo wanaume wanaketi jioni kuzungumuza na kuangalia wapita njia. Katika karne ya 19, wafanya biashara wa pembe na wa watumwa waliosema Kiswahili waliingia katika pori letu kwa kufuata mito. Stanley alipopita mwaka wa 1887 akienda kumutafuta Emin Pasha, alikuta vituo vyao tayari, kama kile cha Ugarrowwa na kile cha Kilonga-Longa kule Ipoto. Haifai kuficha jambo hilo: neno tunalolipenda leo lililetwa na watu waliochoma vijiji na kufunga wazee wetu kamba shingoni. Lakini kitu chenyewe kilikuwako mbele ya neno. Watu wa pori, Wabira, Walese na wengine, walikuwa na kibanda cha katikati ya kijiji, kipaa juu ya nguzo, moto katikati, miti ya kukalia kuzunguka. Walichukua jina la wageni wakaliweka juu ya desturi yao.

Wabelgiji nao walilichukua. Katika Kifaransa chao cha Kongo, «la barza» ikawa ile veranda ya nyumba ya muzungu, pahali pa kunywea kinywaji jioni jua likishuka. Hata leo katika Bunia, neno linabeba maana zote mbili pamoja na ya tatu: veranda ya nyumba, kibanda cha wazee, na mkutano wenyewe.

Kitu kimoja hakikubadilika kijijini: barza haina kuta. Wengi wanadhani ni sababu ya umasikini ao ya joto. Hapana. Nyumba za kulala zilikuwa na kuta. Barza haikuwa nazo kwa sababu kila mtu aone nani anakuja na nani ameketi na nani. Mwenye mawazo hakuweza kujificha, na mwenye kumusikiliza hakuweza kumugeuzia maneno yake kesho, sababu watu walisikia. Tena aliyekaa siku mbili bila kutokea barzani alitumiwa mtu wa kumwangalia. Leo tungesema ni namna ya kuchunguza afya ya watu bila daftari.

Sheria za salamu zilienda pamoja na nafasi. Sisi tunaofundisha watoto tunajua jinsi ilivyo vigumu kumufanya mtu aseme yaliyo moyoni kwa kumuuliza swali moja kwa moja. Wazee walijua zaidi. Kwanza kiti. Kisha maji. Kisha habari ya nyumba, ya watoto, ya shamba, ya mvua. Mgeni anajibu kwamba yote ni mazuri, hata kama amezika jana. Kisha kimya. Hakuna mtu anayekimbiza kimya kile. Wanatengeneza moto, wanapasua karanga. Baadaye mmoja anarudilia: «Na habari ingine?» Hapo ndipo mambo yanatoka. Mzungu akiona hivyo anasema tunapoteza wakati. Kumbe pumzi ya mtu inarudi chini, mikono inaacha kutetemeka, na anapoanza kusema hasemi tena kwa hasira.

Barza ilikuwa ya wote. Lakini kila mtu alikuwa tena na wake, rafiki aliyefungwa naye kwa kiapo. Mfano unaojulikana sana ni kare. Katika tohara ya nkumbi, iliyodumu miezi katika kambi ya pori, mtoto wa Mubira na mtoto wa Mumbuti waliotahiriwa pamoja walitoka wakiwa kare, ndugu wa damu mpaka kufa. Kare hakuweza kukataa kumupokea kare yake, usiku ao mchana, mwenye njaa ao mwenye kukimbia kesi. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi karibu na Epulu katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu «The Forest People» mwaka wa 1961, aliona pia upande mwengine: wanakijiji walitumia nkumbi kuwafunga Wambuti katika utumishi. Ni kweli, na hatuna sababu ya kusifu yote. Lakini hata kifungo kile kilitoa haki moja: haki ya kufika kwa mtu na kutua mzigo.

Upande wa ziwa, kwa ndugu zetu wa Bunyoro wanaokaribiana na Bahema kwa luga na desturi, kiapo kiliitwa omukago. Wawili walikula mbegu za kahawa zilizopakwa damu yao. Kuanzia siku ile hawakuweza kufichana shida. Waazande wa kaskazini walikuwa nao pia udugu wa damu, wenye maapizo makali kwa anayevunja. Hata Stanley ilimubidi kupitia mlango huo. Mwezi wa Desemba 1887 alipigana na watu wa chifu Mazamboni katika nyanda zilizo kati ya pori na ziwa, akachoma nyumba zao. Aliporudi katika 1888, amani ilifanywa kwa udugu wa damu. Tunaleta mifano hii kusudi msomaji aone kwamba urafiki, kwa wakubwa wetu, haukuachiliwa kwa upepo wa moyo. Ulikuwa mkataba. Rafiki wa leo anaweza kusema «niko bize, tutaonana wiki ijayo». Kare hakuwa na neno hilo.

Na kulikuwa na wakati ambapo shida ilipita nguvu za mtu na za rafiki yake. Kwa Wambuti, kifo kikubwa ao mawindo yakikosa siku nyingi, walisema kwamba pori limelala na halioni watoto wake wanavyoteseka. Basi waliliamsha kwa nyimbo. Usiku baada ya usiku, wakati mwengine kwa miezi, wanaume waliimba molimo mpaka asubuhi, na kila nyumba ilitoa chakula na kuni. Hawakuomba pori litende hili ao lile. Walitaka tu liamke likiwa na furaha. Tumeona jambo hili likichekwa katika darasa. Lakini tufikiri vizuri: kambi nzima iliyopatwa na uchungu inalazimika kula pamoja, kukesha pamoja, kuimba pamoja, na hakuna anayeachwa peke yake na giza.

Ukoloni ulibadili mwendo wa siku. Mwaka wa 1903 wazungu wawili, Hannan na O'Brien, waliona dhahabu katika nchi ya Kilo, na kuanzia 1905 ikaanza kuchimbwa. Katika 1926 ikaundwa Sosiete ya Kilo-Moto. Vijana walitolewa vijijini kwa nguvu ya machifu na ya askari, wakapelekwa kuchimba na kubeba. Waliobaki walitiwa kwenye mashamba ya lazima, pamba na mengine, mpaka siku 60 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza watu wa Ituri waliishi kwa saa isiyokuwa yao. Jua halikuamua tena, msimamizi aliamua. Tunaamini kwamba mawazo mingi ya namna ya leo, yale ya kukimbizwa na saa, yalianzia pale.

Lakini kambi za wafanyakazi zilizaa kitu kipya. Mualur wa Mahagi, Mulendu wa Djugu, Mulugbara wa Aru, Mubudu wa Wamba, walilala mstari mmoja wa nyumba na kusema Kingwana. Hakuna aliyekuwa na barza ya baba yake karibu. Ikabidi rafiki wa kazi ashike nafasi ya ndugu: kukusanya franka za kumuzika mwenzao, kumuchungia mwenye homa, kumuandikia barua asiyejua kuandika. Bunia yenyewe ilikua hivyo. Mwanzoni Irumu ndiyo ilikuwa na utawala. Kisha mji wetu ulipata nguvu, wakaja makarani, wauza duka, wamisionari, waalimu, na kila kartie ikajitafutia miti ya maembe yake ya kuketi chini jioni.

Mpaka hapa tumesema juu ya wanaume, na wasomaji wa kike watatushitaki. Ni kweli, mama hakuketi barzani. Alipita akipiga magoti kidogo kusalimia, akaendelea. Je, yeye alitulia wapi? Kwenye mto, kwenye kinu, kwenye shamba ambapo wanalima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mazungumuzo ya mama yalifuata mikono inayofanya kazi, na labda kwa sababu hiyo hayakuandikwa na yeyote. Katika mji, mto na kinu vimekwisha, na nafasi yao ikashikwa na likelemba.

Kila mtu anajua likelemba: wamama kumi wa soko, kila wiki kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na wote wanampa mmoja; wiki inayofuata mwengine. Wataalamu wa feza wanaona akiba na mkopo. Waende siku moja waangalie. Wanafika saa tisa, feza zinahesabiwa saa kumi na moja. Masaa mawili yale ni ya nini? Ni ya kusema: mume amekunywa, mtoto amefukuzwa masomo, muzigo umekamatwa kwenye barrière. Mama aliyechelewa kutoa hatukanwi mbele ya wote. Mmoja anamuvuta pembeni. Na siku yake ya kupokea, anajua kwamba wiki moja katika kumi hatahangaika. Tulimsikia mama mmoja muuza sombe akieleza mambo hayo kwa neno moja: «Ile feza ni sababu tu. Njo vile tunaonana.»

Desturi ambayo imedumu kuliko zote ni kilio. Mtu akifa katika Bunia, kabla ya saa moja kupita viti vimetoka katika nyumba za jirani, bashi imefungwa kwenye miti, moto umewashwa inje. Mwenye kufiwa hapiki, hachoti maji, hafagii. Analazwa chini kwenye mkeka katikati ya wamama. Akitaka kusimama kufanya kazi wanamwambia: «Ikala, mama, ikala.» Wanaume wanakesha kwenye moto, wengine wanaimba, wengine wanacheza karata, na tusishangae wakicheka; masimulizi ya marehemu yanachekesha pia. Siku tatu, saa ingine wiki, rafiki hawaondoki. Ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote ya kumufundisha mtu kupunguza mwendo, kwani anakatazwa kwenda. Halafu iko na mwisho: siku ya kutosha kilio, watu wananyolewa ao wanafua nguo, chakula kinaliwa, na mwenye kufiwa anaruhusiwa kurudilia kazi. Uchungu haujaisha, lakini amepewa mpaka wa kusimamia.

Tuseme na ubaya wake. Kilio cha mji kimekuwa mzigo: viti vya kukodi, muziki, vinywaji, vitambaa vya rangi moja. Familia inatoka kilioni na deni la miezi sita. Desturi iliyowekwa kupunguza mawazo inaongeza mawazo. Kuna makanisa na vyama vilivyoanza kuweka kikomo, na tunaunga mkono.

Halafu vita. Tangu 1999 katika teritware ya Djugu, kisha Irumu, kisha mji wenyewe, Bahema na Walendu na makabila yaliyovutwa pamoja nao waliuana kwa njia ambayo wasomaji hawana haja ya kukumbushwa. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa. Wagonjwa na waganga waliobaki walitembea kwa miguu ndani ya pori mpaka Oicha. Katika Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, Bunia iligeuka uwanja wa kupigana. Mamia walikufa, maelfu walilala karibu na uwanja wa ndege na kwenye kambi ya MONUC. Askari wa Operesheni Artemis, waliotumwa na Umoja wa Ulaya chini ya uongozi wa Ufaransa, walifika mwezi wa Juni wakakaa mpaka tarehe 1 Septemba.

Barza ilikufa katika miaka ile, na haikufa kwa risasi peke yake. Kwanza, kuketi inje jioni kulikuwa hatari. Pili, watu walihesabu nani ameketi na nani. Kartie zikagawanyika kwa kabila. Mti wa maembe uliokuwa wa wote ukawa wa upande mmoja. Na tatu, ambayo wengi hawapendi kusikia: kuna barza zilizosaidia vita. Pale palipokuwa na wazee wa kutuliza vijana, palikuwa pia na wazee wa kuwachoma moyo, wakirudilia kila jioni hesabu ya waliokufa wetu na kunyamaza juu ya waliokufa wao. Watu wakiketi pamoja wa damu moja, wenye uchungu mmoja, bila mtu wa inje, mawazo hayapungui. Yanachemka. Ile kazi ya barza isiyo na kuta, kwamba kila anayepita anaweza kusikia, ilikuwa imeondolewa.

Ajabu ni kwamba ilizaliwa tena mapema, na mara nyingi kwa mikono ya wanawake. Katika mwaka wa 2000 Julienne Lusenge na wenzake walianzisha SOFEPADI hapa Bunia, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kusikiliza wale walioteswa. Katika Aprili 2003 tume ya kutuliza Ituri ilikutana katika mji wetu toka tarehe 4 mpaka 14, na Petronille Vaweka akawekwa kuongoza baraza la muda. Baadaye akawa komisere wa distrikti. Yeye alijulikana kwa kwenda kuzungumuza uso kwa uso na wakubwa wa vikundi vya silaha. Kati ya kambi za wakimbizi, chini ya plastiki, watu waliwasha moto mmoja kwa nyumba nne ao tano na kuketi. Wengine walisema ni sababu ya kuni chache. Inawezekana.

Tukaja kupatwa tena. Tangu Desemba 2017 Djugu iliwaka upya, na wakimbizi wakajaza viwanja vya Bunia. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini ikaingia Ituri, ikadumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3.470 na wafu 2.287. Ugonjwa huu ulipiga kilio pahali pake pa ndani. Usiguse maiti, usishike mikono, usilale kwenye mkeka mmoja. Watu wa mazishi salama walikuja na nguo nyeupe wakamuchukua baba ya mtu. Tulielewa sababu, na sisi waalimu tuliieleza katika darasa. Lakini mwenye kufiwa aliachwa amesimama katikati ya lupango bila mtu wa kumwambia «ikala». Kabla Ebola haijakwisha, Covid ikafika: katika Machi 2020 Serikali ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20 na kilio nyumbani. Tunafikiri hasira nyingi zilizoonekana juu ya waganga zilitoka pale, na ni makosa kuziita ujinga tu.

Sayansi ya wageni imekuja karibu na barza bila kulijua jina lake. Katika Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wachunguzi walilinganisha vijiji 7 ambamo wanawake waliotendewa ubaya walifundishwa katika vikundi, na vijiji 8 ambamo kila mmoja alisaidiwa peke yake. Matokeo yalitolewa katika 2013. Miezi sita nyuma ya mafundisho, waliobaki na dalili za huzuni kubwa ao wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 upande wa vikundi, na 42 kwa 100 upande mwengine. Ni kweli kwamba vikundi vile vilipewa mafundisho yao ya pekee, si mazungumuzo tu. Hata hivyo wamama wale waliyapokea wakiwa pamoja.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe. Watu wa kule wakiwa na huzuni wanasema kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo mingi yetu kabisa. Mwaka wa 2006, munganga wa akili Dixon Chibanda alianza katika mji wa Harare, kartie ya Mbare, kuwafundisha wamama wazee waketi na wagonjwa kwenye kiti cha mbao inje ya dispensaire. Uchunguzi wa 2016, uliofanywa na watu 573 katika dispensaire 24, ulionyesha kwamba nyuma ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za huzuni kubwa ni karibu 14 kwa 100 kwa waliokalia kiti kile, na 50 kwa 100 kwa wengine. Na baada ya kiti, wanaingizwa katika kikundi cha wenzao ambamo wanafuma mifuko ya kuuza huku wakizungumuza. Mama wetu wa likelemba angecheka akisikia kwamba jambo hilo lilihitaji uchunguzi.

Hatusemi barza inaponya yote. Mtu asiyelala wiki tatu, anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, huyu apelekwe hospitali, na rafiki zake wamusindikize badala ya kumuombea tu mlangoni. Tumezika wengine kwa kuchelewa.

Tukiangalia Bunia ya sasa, desturi iko hai lakini imebanwa. Nyumba mpya zinajengwa na ukuta mrefu wenye vioo juu, mlango wa chuma, na veranda inayotazama ndani. Ni kwa ajili ya wezi, tunaelewa. Pikipiki zimefupisha njia zote: zamani mtu alitembea nusu saa na mwenzake toka soko mpaka nyumbani, na katika nusu saa ile mambo mengi yalisemwa; leo ni dakika nne na upepo masikioni. Simu nayo inaleta vifo vya vijiji vyote usiku kwa usiku, vya kweli na vya uongo, kwa mtu aliyelala peke yake.

Kati ya waalimu tunajua kikundi kimoja kinachokutana kila siku ya posho nyuma ya mchana. Kilianza kama kotizasio ya kusaidiana mishahara inapochelewa. Kimejiwekea sheria chache: simu zinawekwa kwenye kikapo, saa ya kwanza hakuna kusema juu ya kazi, hakuna kuhesabu wafu wa kabila lako, na anayekosa mara mbili anafuatwa nyumbani na watu wawili, wa kabila mbili. Sheria hiyo ya mwisho waliibishania miezi miwili. Wengine waliona ni kama polisi. Siku hizi hakuna anayetaka iondolewe, kwani wengi wao wamekwisha kufunguliwa mlango na watu wawili hao, ao wamekwisha kuufungua.

Sasa wanataka kujenga barza yao. Mabati yamepatikana nusu, na mzazi mmoja ametoa miti ya kalitusi. Vijana walipendekeza kuta za matofali mpaka kiunoni, sababu ya upepo na mvua ya Oktoba. Wazee wamekataa. Wamama waalimu, ambao ni tano kati ya kumi na nane, wamesema kuta si kitu, wao wanataka kwanza kujua viti vyao vitawekwa upande gani. Na mkutano uliahirishwa wiki mbili kusudi jambo hilo lisemwe polepole.